Flammable na Combustible: Mpaka Unaosogezwa na Jua Letu

Katika maghala ya mafuta, rangi na kemikali, kuanzia Kurasini hadi Changamwe, kuna maneno matatu ya Kiingereza ambayo huandikwa ubavuni mwa mapipa na madumu, na ambayo wengi wetu huyasoma kana kwamba yanasema jambo moja: flammable, inflammable na combustible. Mawili ya kwanza yanaonekana kupingana, kumbe maana yake ni moja. La kwanza na la tatu yanaonekana kuwa sawa, kumbe kati yake upo mpaka uliowekwa kwa vipimo na kuandikwa katika kanuni. Kazi yangu ni kufasiri miongozo ya usalama kazini kwa Kiswahili, na katika msamiati wote unaopita mezani kwangu hakuna maneno yanayonishughulisha kama haya, kwa sababu anayeyaelewa vibaya anaweza kupoteza ngozi, macho au uhai.

Nianze na jozi ile ya udanganyifu, kwa kuwa habari yake inaisha upesi. Inflammable ndilo neno la kale. Limetokana na kitenzi cha Kilatini inflammare, yaani kutia moto, na limekuwemo katika Kiingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Kasoro yake ni kwamba Kiingereza kina kiambishi kingine cha in- ambacho hukanusha, na hicho ndicho tulichofundishwa darasani. Mtu anayejua kwamba inactive ni kisichofanya kazi na incorrect ni kisicho sahihi, ana kila sababu ya kuamini kwamba inflammable ni kitu kisichoshika moto. Wenye lugha wenyewe walikuwa wakiteleza papo hapo. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, kilichoanzishwa mwaka 1896, kilianza kuhimiza watu watumie flammable, neno ambalo lilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 19 lakini halikuwa na wenyewe. Taasisi ya viwango ya Uingereza ilitangaza msimamo kama huo mwaka 1959, ikitaka flammable na non-flammable zitumike ili kuondoa utata. Tangu hapo inflammable imekuwa ikififia kwenye lebo za Kiingereza, ingawa bado utaikuta kwenye bidhaa za zamani na katika vitabu.

Haijafifia kwetu sote, hata hivyo. Kifaransa hakikufanya mageuzi hayo wala hakikuwa na haja nayo, kwa sababu katika Kifaransa inflammable ni kinachoshika moto na kisichoshika moto ni ininflammable, basi. Msemaji wa Kiswahili wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa analielewa neno hilo bila kusita, ilhali mwenzake wa Tanga aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kulielewa kinyume chake kabisa. Bandari ya Dar es Salaam inazihudumia Burundi, Rwanda na Kongo, na mzigo mmoja unaweza kupita mikononi mwa watu hawa wote wawili kabla ya kufika unakokwenda. Kwa jozi hii dawa ni rahisi: alama ya mwali wa moto ndani ya msambamba mwekundu haina lugha, na anayeiona asitafute faraja katika herufi mbili za mwanzo wa neno.

Jozi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ukimwuliza mtu mwenye Kiingereza kizuri tofauti ya flammable na combustible, mara nyingi atakujibu kwamba zote mbili ni vitu vinavyoungua, na hapo atakuwa amesema kweli lakini ameacha kiini. Ili kukifikia kiini ni lazima kwanza tukubali jambo ambalo macho yetu hulikataa, nalo ni kwamba kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaopanda kutoka juu ya kimiminika na kuchanganyika na hewa. Mvuke ukiwa haba mno, cheche hupita bila kufanya lolote. Ukifikia kiasi fulani, cheche ileile huukamata. Kwa kuwa mvuke huongezeka kadiri kimiminika kinavyopata joto, kila kimiminika kinachoweza kuungua kina kiwango chake cha chini cha joto ambacho kuanzia hapo mvuke wake unatosha kushika moto. Maabara hukipima kwa kupasha mafuta polepole ndani ya kikombe kidogo na kupitisha mwali juu yake kila baada ya muda, hadi mweko mfupi wa buluu utokee na kuzimika. Joto la dakika hiyo ndilo huandikwa, nami hapa nitaliita joto la kushika moto.

Namba zenyewe zinaeleza kuliko maneno, na zote ninazozitaja ni za Selsiasi. Petroli hushika moto hata kwenye baridi ya takribani nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake hakuna mahali popote Afrika Mashariki, hata kileleni Kilimanjaro, ambapo petroli haitoi mvuke wa kutosha. Asetoni, ile inayofutia rangi ya kucha, ni takribani nyuzi 20 chini ya sifuri. Toluini, ambayo hupatikana katika thina nyingi za rangi, ni nyuzi 4 hivi. Alkoholi halisi ya ethanoli ni nyuzi 13, na vitakasa mikono tulivyovizoea tangu mwaka 2020 haviko mbali na hapo. Kisha kuna mruko. Mafuta ya taa yanayokidhi viwango huanzia nyuzi 38. Dizeli huanzia nyuzi 52 au zaidi, kulingana na kiwango cha nchi. Mafuta ya kupikia hayana neno mpaka yapite nyuzi 300, na ndiyo maana huwaka kwenye kikaango kilichosahauliwa jikoni na si kwenye chupa iliyo kabatini.

Katika mruko huo ndimo ulimochorwa mpaka. Kwa mgawanyo uliozoeleka wa kanuni ya NFPA inayohusu vimiminika, ambao umeigwa sehemu nyingi duniani, kimiminika chenye joto la kushika moto lililo chini ya nyuzi 37.8 ndicho flammable, na chenye kiwango hicho au zaidi ndicho combustible. Namba hiyo inaonekana ya ajabu hadi uigeuze kuwa vipimo vya Kimarekani, ambapo ni digrii 100 za Farenhaiti, namba nzima, rahisi kukumbuka, na iliyokusudiwa kuwakilisha joto la juu ambalo kwa kawaida lingeweza kufikiwa ndani ya jengo. Basi flammable, kwa lugha ya kazi, ni kitu ambacho katika chumba cha kawaida mvuke wake umeshapanda na unangoja cheche tu, na combustible ni kitu ambacho katika chumba hichohicho bado kinahitaji kupashwa kwanza. Maneno haya mawili yanajibu swali la lini, si swali la kama.

Mtu asidhani kwamba mpaka huo ni mmoja dunia nzima. Umoja wa Mataifa una mfumo wake wa kuainisha kemikali, GHS, uliotolewa mwaka 2003, na katika mfumo huo vimiminika vya kushika moto vimegawanywa katika madaraja manne. Daraja la kwanza na la pili ni vya chini ya nyuzi 23, la tatu ni kuanzia nyuzi 23 hadi 60, na la nne, ambalo ndilo pekee linalobeba neno combustible kwenye lebo, ni la zaidi ya nyuzi 60 hadi 93. Matokeo yake ni kwamba dizeli ya nyuzi 55 huitwa combustible kwa mgawanyo huo wa NFPA na flammable kwa GHS. Pipa ni lilelile na mafuta ni yaleyale. Nimewahi kuletewa karatasi mbili za usalama za bidhaa ya aina moja kutoka kwa wauzaji wawili, na msimamizi wa ghala akaniomba nimwambie ipi ni ya kweli. Zote zilikuwa za kweli, kila moja ikisimama upande wake wa mpaka.

Mipaka hii ina historia, na historia yake ni ya mafuta ya taa. Katikati ya karne ya 19, taa za mafuta zilipoingia katika nyumba za Ulaya na Marekani, wafanyabiashara walikuwa wakiacha sehemu nyepesi za mafuta, zile ambazo leo tungeziita petroli, zibaki ndani ya mafuta ya taa kwa sababu hazikuwa na soko, na taa zikawa zinalipuka mikononi mwa watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1862 iliweka kikomo cha digrii 100 za Farenhaiti. Baadaye mwanakemia Frederick Abel akabuni kikombe cha kupimia kilichofunikwa, na sheria ya mwaka 1879 ikakikubali pamoja na kikomo kipya cha digrii 73 za Farenhaiti, ambazo ni kama nyuzi 23 zetu. Nyuzi 23 ndizo mpaka wa daraja la pili katika mfumo wa leo wa Umoja wa Mataifa. Kila ninapoiona namba hiyo kwenye karatasi ya usalama hukumbuka kwamba ilizaliwa London, mahali ambapo nyuzi 23 ni siku nzuri ya kiangazi.

Hapo ndipo penye shauri langu, na ningependa lizingatiwe na kila mtu anayenunua, anayetunza au anayesafirisha mafuta upande huu wa dunia. Mpaka kati ya flammable na combustible umechorwa kwa kulinganisha kitu na joto la chumba, lakini chumba kilichofikiriwa si chumba chetu. Mwezi wa Januari au Februari, hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 32 kivulini. Kule Lodwar nyuzi 35 na kuendelea ni jambo la kawaida. Kwa ndugu zetu walioko Muscat, majira ya joto hupita nyuzi 40 na hakuna anayeshangaa. Hiyo ni hewa ya kivulini. Kontena la chuma lililofungwa na kuachwa juani huweza kupita nyuzi 50 ndani yake, na bati jeusi lililopigwa na jua la saa nane mchana huzidi hapo. Chukua sasa pipa la mafuta ya taa, lililoandikwa combustible kwa haki kabisa, liweke nyuma ya duka kwenye ukuta unaotazama magharibi, na uje ulifungue saa kumi jioni. Kilichomo ndani huenda kimeshavuka nyuzi 38. Ikiwa ni hivyo, neno lililoandikwa halijabadilika, lakini kitu kilichoandikiwa kimehamia upande wa pili, na tahadhari zake sasa ni zile za flammable.

Haya si maoni yangu peke yangu. Kanuni zenyewe zinasema kwamba kimiminika kilichopashwa kufikia joto lake la kushika moto kitunzwe kwa masharti ya kundi la hatari zaidi. Ila maneno hayo yamo ndani ya vitabu vya kurasa nyingi, na kwenye pipa limebaki neno moja. Mwenye pipa hakupewa kurasa, amepewa neno.

Kuna njia nyingine ambazo mafuta ya combustible huvuka mpaka bila jua kuhusika, na nyumbani ndiko tunakokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni utambi. Kibatari huwaka usiku wa baridi Njombe kwa sababu utambi hunyonya mafuta kidogo sana, na mwali wa kiberiti huweza kuyapasha mafuta hayo kidogo kwa nukta moja hadi yatoe mvuke. Ni ufundi mzuri wa kale. Lakini kanga au shuka iliyolowa mafuta ya taa nayo ni utambi, utambi mkubwa uliovaliwa mwilini, na mtu aliyemwagikiwa mafuta halafu akaendelea kupika akijiambia kwamba si petroli, amesahau hilo. Ya pili ni unyunyu. Dizeli inayochuruzika chini ni ngumu kuwasha kwa kiberiti, ila dizeli inayofyatuka kwa shinikizo kupitia tundu dogo la mpira wa injini hugeuka ukungu wa matone madogo mno, nao hushika moto hata kama mafuta yenyewe ni ya baridi. Mafundi wa jenereta wanalijua hili kwa macho.

Njia ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu huletwa na mkono wa mtu. Petroli kidogo ikiingia katika mafuta ya taa, iwe kwa kutumia pipa lisilosafishwa, iwe kwa makusudi, joto la kushika moto la mchanganyiko wote huporomoka kutoka nyuzi 38 hadi chini kabisa ya joto la chumba. Macho hayatambui na pua huenda isitambue. Mama anayejaza jiko la utambi kwa funeli, akiwa amelizoea kwa miaka, anamimina kitu kingine kabisa. Serikali zetu zimepambana zaidi na uchakachuaji wa upande wa pili, yaani kutia mafuta ya taa ya bei nafuu ndani ya dizeli na petroli: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu hiyo, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita. Hatua hizo zililinda injini na mapato. Ningependa hasira ileile ielekezwe kwa yule anayeuza mafuta ya taa yenye petroli, maana yeye anageuza maana ya neno ndani ya nyumba ya mtu ambaye hata pipa hajaliona.

Nikiwa katika karakana moja ya fanicha maeneo ya Keko nilikaa nikimwangalia fundi akipaka vanishi. Kopo la thina lilikuwa chini, kifuniko kikiwa pembeni yake, na hatua chache kutoka mlangoni mama lishe alikuwa amewasha jiko la mkaa, chapati zikigeuzwa. Harufu ya thina ilikuwa imejaa chumba, lakini fundi alikuwa ameacha madirisha wazi na aliamini kwamba harufu ikitoka dirishani hatari nayo imetoka. Mvuke wa thina, kama wa petroli, ni mzito kuliko hewa. Haupandi dirishani, hushuka sakafuni, hutambaa, hutafuta mteremko, na mteremko wa karakana ile ulielekea mlangoni. Nilimwonyesha kwa vumbi la mbao namna hewa ya chini ilivyokuwa ikisogea. Alifunga kopo, akamwita mama lishe akamwambia, "Dada, sogeza jiko upande ule wa mwembe, huku kwangu kuna kitu kinatambaa." Sijasikia maelezo bora zaidi ya neno flammable kuliko hayo.

Kitu kinachotambaa ndicho kilichoua Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na watu zaidi ya 100 wakafa baada ya kukusanyika kuchota mafuta. Ndicho kilichoua zaidi ya watu 100 Sachangwan karibu na Molo, nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, na zaidi ya 200 Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Baada ya kila msiba yalisemwa mengi kuhusu umaskini na tamaa, na sikanushi kwamba umaskini upo. Lakini ninaamini kwamba wengi waliokuwa pale walikuwa na uzoefu wa kweli uliowadanganya: walishaona dizeli ikimwagika barabarani, ikichotwa, na hakuna kilichotokea. Dizeli ilikuwa chini ya joto lake la kushika moto. Petroli inayomwagika kwenye jua la asubuhi imelipita joto lake kwa nyuzi zaidi ya 60, na mvuke wake, ambao ni mara tatu hadi nne ya uzito wa hewa, hujaza mtaro na shamba kwa urefu wa magoti ya mtu kabla hata kelele za watu hazijaanza. Mtu akisimama kwenye mtaro huo hasimami karibu na mafuta, amesimama ndani yake. Matangi yetu yana neno HATARI kwa herufi kubwa, nalo ni neno zuri, ila neno hilohilo hupakwa kwenye nguzo za umeme na kwenye milango ya vyumba vya jenereta. Halimwambii mtu aliye umbali wa mita 30 kwamba yuko ndani ya hatari tayari.

Mapipa matupu nayo yana sura yake katika habari hii. Mmarekani Benjamin Lee Whorf, ambaye wengi wanamfahamu kama mwanaisimu, alisomea uhandisi wa kemia na aliishi kwa mshahara wa kampuni ya bima ya moto mjini Hartford tangu mwaka 1919, akikagua viwanda na kuchunguza vyanzo vya moto. Aliandika kwamba watu walikuwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, na wakivuta sigara bila wasiwasi karibu na mapipa matupu, ilhali yale matupu ndiyo yaliyokuwa hatari zaidi. Sababu ni hesabu ya mvuke. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya pipa lililojaa, nafasi ndogo ya juu ina mvuke mwingi kupita kikomo, na hewa haitoshi. Pipa likimwagwa, hewa huingia, na mabaki machache ya chini hutosha kuliweka pipa zima katika kipimo kinachofaa kulipuka. Ninapopita Kamukunji jijini Nairobi na kuyasikia mapipa yakipasuliwa kwa patasi na nyundo ili yawe majiko, masanduku na makarai, nashukuru kwamba ni patasi, na naogopa kila ninapomwona fundi wa kuchomelea akisogeza moto wake kwenye pipa ambalo hajui lilibeba nini. Pipa lililobeba dizeli nalo lisiaminiwe, maana moto wa kuchomelea unalipasha kuta na kuyapandisha mabaki juu ya nyuzi 52 mara moja.

Yote niliyosema mpaka hapa yanahusu vimiminika, na anayezoea kwamba combustible ni neno pole atajikwaa akihamia kwenye vitu vigumu, kwa sababu huko neno hilo ndilo kali. Katika ujenzi, kitu combustible ni chochote kinachoweza kuungua na kuuongezea moto nguvu, hata kama hakishiki upesi, na mtihani wa kutoungua ni mgumu kuliko mtihani wa kutosambaza mwali juu ya uso. Tofauti hiyo ilijulikana kwa uchungu tarehe 14 Juni 2017, ghorofa la Grenfell Tower lilipoteketea London na watu 72 wakafa, moto ukipanda kupitia vibao vya nje vya alumini vyenye moyo wa plastiki ya polithini. Uso wa alumini haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa moyo wake. Tangu Desemba 2018 Uingereza imepiga marufuku vifaa combustible katika kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye kimo cha mita 18 na zaidi. Wanaofunika majengo mapya ya Nairobi na Dar es Salaam kwa vibao vya kung'aa wangefanya vema kuuliza kilichomo katikati.

Hata vumbi lina neno hilo. Vumbi la sukari, unga wa mahindi, unga wa mbao na makapi ya kahawa huitwa vumbi combustible, na likitimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa hulipuka kama mvuke. Mwezi Februari 2008 watu 14 walikufa katika kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, jimbo la Georgia nchini Marekani, kwa vumbi la sukari ileile ya chai.

Kwa mfasiri, basi, kazi si ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, na nimechoka kuona flammable ikiandikwa "inayowaka" na combustible ikiandikwa "inayoweza kuwaka", kana kwamba tofauti ni ya shaka na uhakika. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Kinachoshika moto si lazima kiteketee, kuni huungua bila kulipuka, mvuke hulipuka bila kuacha jivu. Tunachopungukiwa ni kuandika masharti yanayolipa neno maana yake. Mzee mmoja mtunza stoo, aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za mapipa ya kuviringisha kwa miguu, alinisikiliza nikimweleza madaraja ya GHS, akaniacha nimalize kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niambie hili nilifungue saa ngapi na niliweke wapi." Nilimjibu, "Shikamoo yako ndiyo hiyo, mzee. Hilo la mafuta ya taa lifungue asubuhi kabla jua halijapanda, na lisikae ukuta huu." Swali lake lilikuwa na kila kitu ambacho kanuni inakitaka: joto na mahali.

Tangu siku hiyo, ninapopewa nafasi ya kuandika na si kufasiri tu, lebo zangu ni za sentensi. Kwa petroli, thina, asetoni na spiriti huandika: "Mvuke wake unashika moto wakati wote, hata kwenye baridi. Unatambaa chini. Funga, na weka mbali na jiko, cheche na swichi." Kwa dizeli na vilainishi huandika: "Hushika moto kikipata joto kali, kikirushwa kama ukungu au kikilowesha nguo. Weka kivulini." Mafuta ya taa yananipa taabu, kwa kuwa kitabu kimoja kinayaweka upande huu na kingine upande ule, na wateja wengine huniomba niyaandikie lebo ya dizeli kwa sababu yanaonekana ya kistaarabu. Sikubali. Pipa la mafuta ya taa litakalokaa nje, au ndani ya kontena, au nyuma ya lori linalopita Dodoma mchana, nalipatia lebo ya petroli, na lile litakaloshuka kwenye stoo ya zege yenye kivuli na hewa nalipatia lebo ya dizeli pamoja na mstari mmoja wa ziada unaosema lirudishiwe lebo ya kwanza siku litakapotolewa nje.